Gari la kukuchukua eapoti mpaka hotelini: unalipia nini hasa, na kwa nini watu wanaachwa

Watu wengi wakibuki gari binafsi la kuwatoa eapoti wanadhani wamenunua safari, yani ule umbali wa toka mlango wa eapoti mpaka mlango wa hoteli. Umbali huo hata teksi ya pale nje ingekupeleka. Hela ya ziada unayotoa ni ya kusubiriwa: mtu ajue ndege yako imetua saa ngapi, ajue unatokea mlango upi, akae pale mpaka akuone. Ukishaliona hivyo basi maswali ya kuuliza yanakuja yenyewe, anaanza kusubiri saa ngapi, anasubiri mpaka lini, anasubiria wapi, na mkikosana nani anabeba lawama. Mambo ya gari jeusi sijui kuna maji ya kunywa na waifai ndani, hayo yaangalie mwisho kabisa.

Tuanze na lawama manake huko ndo kwenye vurugu. Websaiti uliyobukia mara nyingi haina hata gari moja. Wao ni dalali, wanapokea oda na hela yako halafu wanaipeleka kwa kampuni ya magari iliyopo kwenye mji unaoenda, na hiyo kampuni siku ikizidiwa inampa kazi dereva wa nje mwenye gari lake. Booking.com kwa mfano inauza teksi za eapoti kwenye miji mingi tu duniani lakini anayekuja na gari ni kampuni nyingine ya hapo hapo mjini. Udalali wenyewe sio kosa, unakusaidia kulipa kwa kadi yako na kuongea lugha unayoijua, shida ni kwamba taarifa zako zinapita mikono miwili mitatu na kila mkono kuna kitu kinaweza kudondoka. Umeandika una mtoto mdogo unahitaji kiti, dalali kakipokea, kampuni imekipokea, dereva aliyepewa kazi saa tano usiku katumiwa jina na namba ya ndege basi. Na kila mkono unakata chake, kwa hiyo bei ikiwa chini sana kuliko wengine wote jiulize dereva anabaki na nini, manake kazi isiyolipa ndo ya kwanza kuachwa ikitokea nyingine nzuri.

Kwa hiyo kabla ya kulipa tafuta kwenye masharti sehemu inayosema wao ni nani, kama wameandika wao ni wakala tu na safari ni mkataba kati yako na kampuni ya usafiri, basi ujue siku ya tatizo watakuelekeza huko. Vocha, yani ule uthibitisho wa buking wanaokutumia, ikija iangalie hapo hapo usingoje siku ya safari. Vocha nzuri ina jina la kampuni itakayokuja na simu yake, sio namba ya huduma kwa wateja peke yake. Zingine zinasema jina la dereva litatumwa masaa kadhaa kabla, hiyo ni kawaida usiogope, ila weka alamu, muda huo ukipita kimya wapigie ukiwa bado hujapanda ndege na una mtandao wa uhakika. Nikisema hivi watu wananiona nina wasiwasi mwingi lakini simu ya dakika mbili ukiwa nyumbani na simu ile ile ukiwa umesimama na masanduku usiku kwenye nchi ya watu ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiwa umenunua ndege, hoteli na gari kama kifurushi kimoja kwa kampuni ya nchi za Umoja wa Ulaya hapo una nafuu, sheria yao inayoitwa direktivu 2015/2302 inambana aliyekuuzia kifurushi awajibike kwa huduma zote zilizomo, hata kama gari ni la mtu mwingine.

Sasa kabla hujabuki lolote, jiulize kama unahitaji. Kuna miji teksi za eapoti zina bei moja iliyopangwa na serikali kwenda katikati ya mji, New York toka JFK kwenda Manhattan iko hivyo, Paris toka Charles de Gaulle na Orly iko hivyo tangu 2016, Roma toka Fiumicino pia. Hapo ile hofu ya kuzungushwa ili mita ipande haipo, unapanga foleni ya teksi rasmi unaondoka, na ndege ikichelewa masaa matatu hakuna mtu wa kumpigia. Gari la kubuki linakuwa na maana zaidi ukifika usiku sana, ukiwa na watoto au mzee, ukiwa na mizigo mingi, mkiwa watano sita mnaohitaji gari moja kubwa, au unaenda mji ambao teksi zake huzijui na lugha hujui. Na kumbuka gari binafsi bei yake ni ya gari zima, basi dogo la kuchangia bei yake ni kwa kichwa, kwa hiyo mtu mmoja na familia ya watu wanne hesabu zao hazifanani. Hoteli nayo uiandikie uulize, mara nyingi na wao wanatumia kampuni za nje na wanaweza kuwa ghali zaidi, ila faida yake ni moja kubwa, ukikosa gari unapiga mapokezi na mtu wa mapokezi yupo macho usiku kucha na anajua wewe ni mgeni wake.

Tukija kwenye fomu. Matatizo mengi mtu anayokutana nayo eapoti yalizaliwa kwenye fomu wiki mbili kabla.

La kwanza ni eapoti yenyewe. Mji mmoja unaweza kuwa na eapoti kadhaa, London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na City, Istanbul ina moja upande wa Ulaya na nyingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia, Tokyo ina Haneda iliyo ndani ya mji na Narita iliyo kama kilomita 60 toka katikati. Halafu kuna eapoti zinazobeba jina la mji ulio mbali nazo sana, Frankfurt-Hahn iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt, Paris Beauvais kama kilomita 80 hivi toka Paris. Usichague kwa jina, chagua kwa zile herufi tatu zilizo kwenye tiketi, LHR, LGW, IST, SAW, NRT, HND, hizo hazina utata. Na terminali pia, Heathrow wana ya 2, 3, 4 na 5 (ya 1 ilifungwa 2015) na ukiacha ya 2 na ya 3 zilizo karibu karibu, hizo zingine sio za kutembea kwa mguu toka moja kwenda nyingine ukiwa na mabegi.

La pili namba ya ndege, hii ndo roho ya buking yote. Ni herufi au tarakimu mbili za shirika na namba mbele yake, na ndo dereva anayoitumia kuifuatilia ndege yako. Weka ya ndege ya mwisho, ile inayotua kwenye mji wa hoteli, wenye ndege ya kuunganisha wengi wanaweka ya kwanza kwa sababu ndo iliyo juu kwenye tiketi na matokeo yake dereva anafuatilia ndege isiyokuja kabisa kwenye mji wake. Ndege moja inaweza kuwa na namba mbili tatu kwa sababu mashirika yanauziana viti, hapo ukiweza tumia namba ya shirika linalorusha ndege yenyewe, kwenye tiketi huwa wameandika ndege inaendeshwa na nani, manake hiyo namba ndo inayoonekana kila mahali, kwenye bodi za eapoti mpaka kwenye apu za kufuatilia ndege kama Flightradar24.

La tatu ni saa na tarehe. Fomu zinahesabu masaa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili usiku ni 20:00 na saa nane usiku ni 02:00, ukijaza haraka haraka ni rahisi kuchanganya. Lakini inayoumiza zaidi ni tarehe. Ndege inaondoka tarehe 14 jioni inatua 00:20, yani saa sita na dakika ishirini usiku, hapo tayari ni tarehe 15, na kwenye tiketi kuna kale ka +1 kadogo pembeni ya saa ambako watu hawakaoni. Ukijaza tarehe 14 dereva atakuja usiku mmoja kabla, atakaa na kibao chenye jina lako mpaka muda uishe, ataondoka, na kwenye mfumo itaandikwa abiria hakutokea, wewe wakati huo hata mabegi hujafunga. Hela hairudi na huna hata cha kubisha. Nyingine, fomu ikiuliza saa ya kutua andika saa ya kutua kama ilivyo kwenye tiketi, usijiongezee saa moja ya uhamiaji kichwani, huo muda wao wanauweka wenyewe kwenye kusubiri. Ikiuliza saa ya kuchukuliwa hapo ndo unaweza kuongeza, na zingine zina kabisa sehemu ya kuchagua dakika ngapi baada ya kutua.

Mabegi usidanganye. Gari dogo la kawaida wanaliandika watu 3, masanduku makubwa mawili au matatu, na sanduku kubwa manake lile la kukabidhi la kilo 23 ambalo urefu upana na kimo ukijumlisha havizidi sentimita 158. Watu wanne wanaenea kwenye viti lakini masanduku yao manne hayaenei kwenye buti. Mtoto mchanga anahesabika kama abiria hata kama utampakata. Dereva akifika akakuta mmezidi ana haki ya kukataa na hiyo inahesabika kosa lako, kwa hiyo tofauti ya bei kati ya gari dogo na lile kubwa ni bora uilipe mapema.

Kiti cha mtoto hapa naomba tukae kidogo. Nchi nyingi teksi zinapewa msamaha kwenye sheria ya viti vya watoto, Uingereza kwa mfano teksi isiyo na kiti inaruhusiwa kumbeba mtoto wa chini ya miaka 3 siti ya nyuma bila mkanda. Sheria imeruhusu kwa sababu teksi haiwezi kutembea na viti vya kila saizi, ila mwili wa mtoto kwenye ajali hauna msamaha huo. Wewe una siku nyingi za kujipanga, kwa hiyo omba kiti, na usiandike "kiti cha mtoto" ukaishia hapo, andika umri, kilo na urefu, kwa sababu viti vya kiwango kipya cha usalama cha R129 vinapangwa kwa urefu na vile vya zamani vya R44 kwa uzito, na R129 inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apite miezi 15. Halafu uthibitishe kwa meseji moja kwa moja kwa kampuni ya gari, sio dalali, na hiyo meseji uitunze. Wenye uwezo wa kubeba chao wabebe tu.

Sasa saa ya kusubiri, ndo moyo wa mambo. Kampuni nyingi zinakupa dakika 60 za bure eapoti, zingine 45, na ukichukuliwa hotelini zinashuka mpaka 15. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka ujue inaanza kuhesabiwa lini. Zingine zinahesabu toka ndege ilipogusa ardhi kweli, hizo ndo nzuri. Zingine zinahesabu toka saa uliyoandika kwenye fomu, na kama hawafuatilii ndege basi ikichelewa masaa mawili wewe ukitua dereva kashalala kwake. Kwa hiyo tafuta maneno mawili kwenye masharti, kwamba ndege inafuatiliwa, na kwamba muda unaanza ndege ikitua.

Hata hizo dakika 60 zipigie hesabu. Ndege ikigusa ardhi bado inatembea mpaka geti, Amsterdam ukitua kwenye ile njia ya mbali ya Polderbaan inaweza kuchukua robo saa kabla hata mlango haujafunguliwa. Kisha kushuka, kutembea, foleni ya uhamiaji, mabegi, forodha. Ulaya foleni imeongezewa kitu kingine, mfumo wa EES ulioanza Oktoba 2025 unachukua alama za vidole na picha ya uso kwa wageni wasio raia wa Ulaya. Ila angalia utapitia wapi uhamiaji. Ukiingia Amsterdam ukaunganisha kwenda Roma, uhamiaji unaumaliza Amsterdam, Roma unatoka kama mtu aliyetoka mkoa wa jirani, nusu saa inatosha. Hali kadhalika ukiruka toka Dublin au Abu Dhabi kwenda Marekani, wanakukagua kule kule kabla ya kupanda, ukitua unatoka kama abiria wa ndani. Ukitua moja kwa moja na pasipoti inayohitaji viza, una mabegi mawili na ni asubuhi ambayo ndege kubwa tano zimetua pamoja, dakika 60 ni ndogo. Wapo wanaouza nyongeza ya muda wakati wa kubuki na huwa ni rahisi kuliko kuchajiwa kwa dakika baadae. Na ukiwa kwenye foleni ukiona inasuasua, mtumie dereva meseji. Dereva aliyejua upo kwenye foleni anangoja hata akiwa amepitiliza, asiyejua anahesabu dakika zake anaondoka.

Kuna hali moja ambayo mfumo wote huu unashindwa bila wewe kusema kitu, nayo ni kukosa ndege ya kuunganisha. Shirika linakupangia nyingine, wewe umetulia kwa kuwa una siti, lakini ile ndege ya zamani imetua kwa wakati wake bila wewe, na dereva anayefuatilia namba ile anaona kila kitu kipo sawa, anaingia ndani na kibao, anasubiri saa nzima. Kufuatilia ndege ni kufuatilia chuma, hakujui nani yupo ndani. Kwa hiyo dakika ile ile unapopewa kadi mpya ya kupandia, kabla ya kutafuta chai, tuma namba mpya ya ndege kwa kampuni na kwa dalali wote wawili. Kukansel bure kwa kawaida kunaishia masaa 24 kabla kwa hiyo hela huwezi kudai, lakini kuhamisha muda wengi wanakubali wakiambiwa mapema. Na tunza risiti, Mkataba wa Montreal wa 1999 unalibebesha shirika la ndege wajibu wa hasara inayotokana na kuchelewesha abiria isipokuwa lionyeshe lilifanya kila lililowezekana kuizuia, gari ulilolipia ukalikosa ni hasara ya kuingiza kwenye madai yako.

Kukutana. Bei ya juu kidogo dereva anaingia ndani na kibao chenye jina, bei ya chini anakaa paking na wewe unampigia ukishatoka. Ya pili ni nzuri tu ila inakutaka uwe na simu inayofanya kazi nchi hiyo, na waifai ya eapoti usiitegemee sana, zingine zinataka namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa meseji kwenye laini ambayo haishiki mtandao. Namba yako kwenye fomu ianze na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, na iwe na WhatsApp. Vocha ipige skrinshoti. Na mtu akikufuata yeye ndani akasema "teksi? mimi ndo dereva wako", usimtajie jina wala hoteli, muache yeye aseme jina lako na unakoenda, asipojua endelea kutembea. JFK wanatangaza kabisa kwenye spika kwamba kushawishi abiria ndani ya jengo ni kosa kisheria, na watu bado wanaondoka nao.

Dereva asipoonekana, usihame. Baki pale vocha ilipoandika, piga simu kampuni, wasipopokea piga dalali, andika meseji pia hata kama mmeongea, na piga picha ya sehemu uliyosimama kibao cha mlango kikionekana. Hii sio ushamba. Kesho yake ukidai hela dereva atasema alikuwepo abiria hakuja, ana rekodi ya GPS ya gari kuingia paking, na kama wewe huna kitu utashindwa hata kama ulisimama pale saa nzima. Ukiamua kuchukua teksi waambie kwanza, kwa maandishi, kwamba unachukua teksi kwa sababu hawajaonekana, na risiti chukua. Madai yapeleke kwa aliyechaji kadi yako, hata akikwambia umtafute mwenye gari, na akigoma kabisa ongea na benki yako kuhusu kurudishiwa malipo ya huduma ambayo hukupewa.

Safari ya kurudi watu wanaibuki kwa kubonyeza tu, na ndo yenye hatari zaidi ya kukosa ndege. Muda wa kusubiri hapa ni zile dakika 15, na saa ya kuchukuliwa mfumo unaipendekeza kwa kuhesabu nyuma toka saa ya kuruka, haujui kama una begi la kukabidhi wala kama kaunta yako inafunga dakika 60 kabla. Ihesabu mwenyewe, na ukiona tofauti badilisha. Anuani nayo, hoteli za mtandao mmoja zinaweza kuwa nne kwenye mji mmoja zenye majina yanayofanana, kwa hiyo weka mtaa na namba ya jengo, sio jina peke yake. Kama hoteli ina milango miwili andika mlango upi, na usiku ule ule kabla hujalala mwambie mtu wa mapokezi kwamba kuna gari linakuja saa kumi alfajiri na jina lililobukiwa ni lipi, manake dereva asipokuona atamuuliza yeye kwanza.